Asiyejua Maana Ndiye wa Kuambiwa

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi yule yule wa kila wiki, ila leo nina hasira. Fundi mitambo wetu amenionyesha kwa mkono, kutoka upande wa pili wa kioo, nishushe pumzi kabla hatujaanza. Nimeishusha. Hasira imebaki pale pale.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyeitwa Bi Maana Yake. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini hata mawifi zake walishaliacha. Alikuwa mhariri katika taasisi ya utafiti wa elimu. Kazi yake ilikuwa hii: watafiti wakishaandika ripoti nene ya kuzuilia mlango, yeye aigeuze iwe ukurasa mmoja ambao mzazi yeyote ataelewa. Ukurasa mmoja tu, wasikilizaji. Kwa ukurasa huo alichukiwa.

Jina lenyewe lilianzia shuleni. Mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni fundi magari, alikuwa darasa la tatu. Mama yao akaitwa shule. Mwalimu akamwambia, "Mama, mwanao ana mahitaji ya kipekee katika stadi za awali." Mama akasikia hilo neno "kipekee", akafurahi. Akashukuru, akainama, na njiani akamnunulia mtoto soda. Dada mtu hakuridhika. Kesho yake alimfuata mwalimu ofisini, akauliza, "Maana yake nini?" Mwalimu akamfokea kwanza kwamba hana adabu, ndipo akajibu, "Maana yake hajui kusoma."

Nilimkuta huyo mdogo mtu gereji kwake, grisi hadi kwenye viwiko. "Nilinunuliwa soda kwa kutojua kusoma," akaniambia, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Dada ndiye alinifundisha, pale meza ya jikoni. Nikikisia neno, nakula kofi la kisogo. Anasema, usikisie, soma."

Sasa msije mkadhani nawaletea malaika. Mdomo alikuwa nao. Wifi yake alinieleza hivi: "Ukimletea kadi ya harusi, anatoa kalamu anasahihisha. Ukimwambia unakuja sasa hivi, anauliza sasa hivi ndiyo saa ngapi. Mimi mama mkwe sikumwogopa. Nilimwogopa yeye."

Basi siku moja ukashuka waraka mashuleni. Waraka wa "uwianishaji wa mikondo ya awali". Neno tamu, eeh? Taasisi yake ilikuwa imekwisha kulichunguza jambo hilo. Watafiti waliingia madarasani, wakakaa na watoto, wakawapima kusoma mmoja mmoja. Ripoti ikaandika: "athari hasi katika umilisi wa usomaji". Bi Maana Yake akaketi, akaandika ukurasa wake: "Darasa la kwanza na la pili watawekwa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Tumeangalia shule zilizofanya hivyo. Watoto wengi wa darasa la kwanza wamemaliza mwaka hawajui kusoma."

Mkurugenzi alikata "hawajui kusoma". Akaandika juu yake: "wanahitaji muda wa kuzoea". Bi Maana Yake akaenda kumwona. Mkurugenzi akamjibu kwa methali, huku akitabasamu: "Mama, asiyejua maana haambiwi maana."

Naye akasema, "Bosi, huyo ndiye wa kuambiwa. Anayejua utamwambia ya nini?"

Ukurasa haukuchapishwa. Nasema tena, wasikilizaji: ukurasa haukuchapishwa. Ripoti nene ikawekwa kabatini, na waraka ukaendelea na safari yake.

Ukafika hadi shule aliyokuwa akisoma binti yake. Wazazi wakaitwa, wakakalia madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Afisa elimu akasoma waraka mwanzo hadi mwisho. Wazazi wakapiga makofi. Bi Maana Yake akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Samahani, mheshimiwa. Maana yake?"

Afisa akasema ni matumizi bora ya rasilimali watu. "Maana yake?" Afisa akasema ni ujumuishaji wa wanafunzi. "Maana yake?" Watu wakaanza kuguna, akae chini, ametuchosha. Hapo akawageukia wao.

"Maana yake mwalimu mmoja anaondoka hapa. Wanetu wa madarasa mawili watabanana chumba kimoja. Na ofisini kwetu tunajua, tumekwisha kuona, wadogo hawatajua kusoma."

Kisha baba mmoja, seremala, akasimama na dawati likasimama naye. "Kwa hiyo tumepigia makofi kunyang'anywa mwalimu?"

Shule ile ilikataa, na mwalimu hakuondoka. Shule nyingine zilipiga makofi, zikaenda nyumbani. Watoto wao leo ni wakubwa, na wako wanaoshika simu wakaomba wenzao wawasomee ujumbe. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kama ofisi isingejua, ningesamehe. Ilijua! Iliandika, ikalifunika jambo kwa maneno mazuri, na sisi tukaona aibu kuuliza.

Na yeye? Alipewa "jukumu la kimkakati la uhifadhi wa machapisho". Maana yake, stoo. Alikaa humo na makatoni hadi alipostaafu, na ukurasa wake mmoja haukutoka tena.

Binti yake anasema hata hospitali hakubadilika. Daktari aliyazungusha maneno, akasema ugonjwa umefika hatua isiyotoa matumaini. Mama akauliza, "Maana yake?" Daktari akakaa kitandani, akamwambia, "Mama, utakufa." Akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa tuzungumze."

Tulimzika juzi. Mkurugenzi alikuja, yule yule, mvi zimeongezeka. Akasoma salamu: "Taasisi imepokea kwa mguso mkubwa ukamilikaji wa mchango wa mtumishi wetu katika mnyororo wa uzalishaji wa maarifa."

Fundi magari akatoka nyuma ya watu. Nilidhani atampiga. Akanyoosha mkono tu, akaomba karatasi. Akaisoma yeye mwenyewe, kwa sauti, polepole, kidole chini ya kila neno. Hakukisia hata moja. Alipofika mwisho, akaikunja, akamrudishia.

"Nimeisoma yote, mkurugenzi," akasema. "Dada yangu hayumo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wifi aliyemwogopa na kulia kuliko wote: poleni sana. Mungu amlaze pema. Mmefiwa na mtu aliyewaheshimu wazazi wa nchi hii kiasi cha kuwaambia ukweli kwa lugha yao.

Nasi wengine tutafakari. Utakuja waraka mwingine, wenye maneno matamu kuliko yale, na mtaitwa mkae kwenye madawati ya wanenu. Mkono ukitaka kupiga makofi, unyoosheni kwanza. Ulizeni. Wakiguna waliokaa jirani, ulizeni tena.

Bi Maana Yake amekufa. Sina namna nyingine ya kulisema, na yeye asingetaka nyingine.