Mwalimu Nionyeshe na Kifungo cha Mwisho

Ndugu, majirani, na nyinyi walimu mliokatisha likizo zenu kuja kumsindikiza mwalimu wenu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, anayewasomea haya ni mdogo wake marehemu, yule aliyeachiwa ziwa naye, na familia imemwagiza asome polepole, asiongeze chumvi na asilie kabla ya kufika mwisho, hilo la chumvi atajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa tiketi na mshonaji wa nguo, na tangu alipoanza kutamka alikuwa mtoto wa maswali, mpaka mama yetu akawa anasema kuuliza si ujinga, lakini kujibu mchana kutwa nako si mchezo. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kushona, na alikuwa na msemo wake mmoja, kwamba kifungo hakiulizwi kama kimeshika, kinavutwa. Dada yetu aliubeba msemo huo maisha yake yote, kama mtakavyosikia.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, shule ile iliyo mkabala na bohari la mbao, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1973, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1975, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na mwenyewe alisema wa katikati ndiye anayejua darasa linavyonuka pande zote mbili.

Januari 1976 alipangiwa kufundisha hesabu darasa la nne, na hapo, ndugu zangu, alianguka vibaya, maana muhula mzima alifundisha sehemu, nusu na robo na theluthi, na kila mwisho wa kipindi aliuliza kama wameelewa, nao wakaitikia kwa pamoja, ndiyo mwalimu, sauti ikafika barabarani, na mtihani ulipokuja darasa karibu lote likaangukia pua. Alipomwita msichana mmoja na kumuuliza kwa upole kwa nini alikuwa akiitikia, mtoto alijibu kwamba wenzake walikuwa wakiitikia, na mwalimu alionekana kufurahi sana. Dada alijifungia kwenye stoo ya ramani akalia, na alipotoka alikuwa amelifuta lile swali la mmeelewa kinywani mwake, tangu siku hiyo alisema neno moja tu, nionyeshe, nalo likawa jina lake mpaka kwa wauza mboga.

Agosti 1984 alifungua mafunzo ya likizo kwa walimu, wiki mbili kila mwaka, kwanza darasani kwake na baadaye katika ukumbi wa chuo, ambako watu wazima wenye vyeo walikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, naye akiwa mbele na koti lake la bluu la mifuko mikubwa. Sheria ilikuwa moja, mwalimu yeyote aliyeteleza akauliza "mmeelewa?" alipewa sindano, uzi na kifungo, akashone mbele ya wenzake, kisha kifungo kivutwe. Mwalimu mkuu mmoja, na yupo hapa, nisimwangalie, alishona kwa ustadi mkubwa, ila alikishonea kifungo kwenye shati na tai kwa pamoja, ikabidi aende nacho nyumbani hivyo hivyo.

Tarehe 12 Desemba 1981 marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme aliyekuja shuleni kutengeneza kengele, akaitengeneza mara nne ingawa iliharibika mara moja, na alipokusanya ujasiri wa kumwambia dada kwamba anampenda, alijibiwa neno lilelile la kila siku. Shemeji ameuonyesha upendo huo miaka arobaini na mitatu, na sisi ni mashahidi.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1983, ambaye ni fundi kama baba yake, na kitinda mimba wa kike mwaka 1987, na hapa lazima tuseme ukweli, maana marehemu hakupenda historia zilizopigwa pasi. Binti alikua akijua kwamba Agosti mama ni wa watu, wenzake walikwenda kutembea na mama zao, yeye alibaki akisubiri koti la bluu lirudi jioni, limechoka, na alipokuwa mwalimu yeye mwenyewe, mwaka 2011, alikataa kukanyaga mafunzo hayo. Kila mwaka mama alimpigia simu kumwambia wanaanza Jumatatu, na kila mwaka alijibiwa, "Mama, mimi likizo zako nilishazimaliza." Hawakugombana, ila iliwauma wote wawili, na kila mmoja alikuja kunilalamikia mimi.

Tarehe 3 Juni mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa, ulimi ukawa mzito. Daktari alitueleza vizuri namna ya kumlisha, kisha akauliza kama tumeelewa, nasi sote, mume, watoto na mimi, tukaitikia kwa pamoja, ndiyo daktari. Marehemu aligonga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea kidole binti yake, kisha akaonyesha kijiko. Binti alicheka huku machozi yanamtoka, akachukua kijiko, akamwinua mama kichwa nyuma, na daktari akamshika mkono haraka, kwamba hapana, kidevu kishuke, hivyo angepaliwa. Kuanzia hapo binti ndiye aliyemlisha, kidevu chini, kijiko kwa kijiko, na sasa mama alikuwa wake peke yake, hakuna mwalimu aliyegawana naye.

Agosti ilipokaribia marehemu hakutulia, alikuwa akitazama kalenda ukutani, na walimu walikuwa tayari kuahirisha. Jumatatu tarehe 11, bila kumwambia mtu, binti alivaa koti la bluu akaenda. Siku ya tatu aliteleza, akauliza swali lile, ukumbi ukapiga makofi na sindano ikaletwa, akashona kifungo kilichokuwa kimeanguka kwenye koti lenyewe. Jioni aliinama kitandani, mama akakishika kile kifungo kwa mkono wa kushoto, akakivuta, akakivuta tena, na kwa ulimi ule mzito akasema, "Kimeshika."

Alifariki tarehe 19 Agosti, saa tatu asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, na koti hilo ndilo alilovikwa leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutufungulia milango, na walimu wenzake, ambao wamekubaliana na binti kwamba Agosti ijayo ukumbi utafunguliwa.

Dada, hatutasema tumeelewa, jibu hilo hukulikubali hata siku moja. Tutakuonyesha. Pumzika kwa amani.