Mashine ya Mgongo wa Mama Nancy

Kijiwe chenyewe kiko Kwa Mrombo, nyuma ya wauza ndizi: benchi mbili, jiko la mkaa na birika la Eliasi muuza kahawa. Hapo majina ya ubatizo hayana kazi. Ludovick, karani mstaafu anayejua kila kitu kwa kukisia, ni Profesa. Sankale, kijana fundi umeme, ni Fyuzi. Na Melkizedeki, seremala mwenye viganja vinavyokwaruza kama msasa, ni Mzee Randa. Jumanne hiyo Mzee Randa alifika saa kumi alasiri, kikombe cha kwanza akakimeza cha moto vile vile, cha pili akakishika tu mkononi. Alikuwa na wivu. Na si wivu wa mwanamume mwenzake, ingekuwa nafuu. Alikuwa anaionea wivu mashine.

– Kadude kadogo tu, kama simu ya tochi, akasema. – Kana nyaya na mabandiko manne. Mama Nancy anabandika mgongoni, anabonyeza, umeme unamtekenya, maumivu yanatulia. Kapewa Jumamosi na yule Brian wa mazoezi ya viungo kule hospitali. Akae nako mwezi mzima.

– Umeme kwenye ngozi? Fyuzi akashtuka. – Wa ukutani?

– Wa betri. Anasema ni kama sisimizi wanatembea.

– Sasa mzee, mama anapata nafuu, wewe unanuna nini?

Alichonunia ni hiki. Miaka ishirini na mbili, tangu cherehani ilipoanza kumtesa mkewe Fransiska katikati ya mabega, ni Melkizedeki aliyekuwa akimkanda kila siku kwa mafuta ya kondoo. Viganja hivyo hivyo vya msasa. Hapo mgongoni ndipo walipozungumzia mambo ya watoto na ya shamba, na hata wakinuniana, mkono ukifika kwenye bega la kushoto ilikuwa lazima mmoja wao acheke. Sasa Brian kapiga mafuta marufuku, maana mabandiko hayashiki kwenye ngozi yenye mafuta.

– Ngozi iwe kavu, eti! Melkizedeki akafoka. – Kijana hata ndevu hazijakolea, ananipangia mgongo wa mke wangu!

Profesa akasogea karibu, dalili kwamba kuna uongo mkubwa unakuja.

– Aisee meku, mzee mwenzangu, hili jambo lina undani. Neva zote za mgongo zinaishia moyoni. Anayeshika kitufe ndiye kashika moyo.

– Kitufe anashika mwenyewe.

– Nani alimwonyesha aanzie namba ngapi? Brian! Kila akibonyeza, anamkumbuka Brian. Kwa siku mara mbili. Piga hesabu mwenyewe.

– Profesa, usimtishe mzee, Fyuzi akadakia. – Tatizo siyo moyo, tatizo ni umeme. Nilifunga uzio wa umeme kule Nduruma, wa ng'ombe. Wiki ya kwanza wanaruka hadi basi. Mwezi wa pili, wanausogelea wenyewe, wanajikuna! Mwenyewe akiwaita, hawageuki.

– Unamfananisha mke wangu na ng'ombe?

– Hapana mzee, naongelea umeme tu!

Melkizedeki alijua ni upuuzi. Lakini mtu mwenye wivu hachagui chakula, na upuuzi ule aliula wote.

– Jana alikuwa anaimba, akasema taratibu. – Anaosha vyombo, anaimba nyimbo za kwaya. Nikimkanda mimi haimbi. Analala tu.

– Umeona! Profesa akajipiga kofi gotini. – Mashine inaingiza na sauti! Subiri uone, mwisho wa mwezi itatuma taarifa yenyewe: mgonjwa kapona, mume hahitajiki.

Eliasi alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye mkaa. Melkizedeki hakucheka. Neno lile la mwisho ndilo alilokuwa akilala nalo siku zote hizo tatu.

Wakiwa hapo akafika Lerionka, kijana mfugaji, ametoka Oldonyo Sambu na chupa yake imefungwa kwenye gazeti. Kila mwezi humletea Mzee Randa mafuta ya kondoo.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, wakaitika.

Melkizedeki akapokea chupa, na kwa mazoea akafungua, akajimiminia kidogo, akafikicha viganja. Harufu ile ikamchoma. Akafunga chupa haraka na kuirudisha.

– Rudi nayo, kijana. Nimestaafishwa.

Akamsimulia yote, mashine, Brian na ngozi kavu. Lerionka alisikiliza amesimama, fimbo begani. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

– Hapo katikati ya mabega, mama anajibandika vipi? Si mkono haufiki?

Fyuzi akarudisha mkono wake nyuma, akajaribu kujigusa mgongo, ukaishia ubavuni.

– Labda jirani, Profesa akasema.

– Mama Princess anashinda sokoni, Melkizedeki akajibu.

– Basi Nancy.

– Nancy yuko chuo Dodoma.

Hakuna aliyethubutu kulitaja jina la Brian.

Ndipo Melkizedeki akakumbuka Jumapili. Alikuwa mlangoni anavaa viatu aje hapa hapa kijiweni, na Fransiska akamwita kutoka chumbani, "Baba Nancy, njoo mara moja unisaidie." Akadhani anataka kumringishia mashine yake. Akamjibu, "Mwite Brian." Jumatatu alimwita tena, mara moja tu, na yeye akajifanya hakusikia. Leo hakumwita. Alipokuwa anatoka alimwona kwa upenyo wa mlango, amesimama amegeuza mgongo kwenye kioo, bandiko limemkaa upande, anahangaika kulifikia kwa mpini wa mwiko.

Akaona aibu, aibu ya kweli. Akaweka kikombe chini, kahawa yote ikiwa humo, akasimama na kunyoosha viganja vyake vinavyong'aa kwa mafuta.

– Eliasi, akasema. – Una sabuni?