Dakta Adukpo Dzokoto, Aliyerudi Kuwatafuta Watoto wa Kpotave

Marehemu Dakta Adukpo Dzokoto alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Kpotave, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Agbodza Dzokoto na Mama Yawa. Watatu waliomtangulia hawakufikisha mwaka. Ndiyo maana mama akamwita Adukpo, yaani jalala, ili mauti yapite bila kugeuza shingo. Yalipita. Miaka mitatu baadaye nikazaliwa mimi Kodzo, ninayesoma maneno haya.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari mjini Ho, kisha chuo kikuu Legon, alikopata udaktari wa uchumi wa afya mwaka 2004. Mhadhiri mmoja alimshauri achague jina la heshima kwa ajili ya cheti. Akamjibu, "Hilo ndilo lililonifikisha hapa, mzee wangu. Andika."

Mwaka 2001 aliolewa na Bwana Senanu Kpodo, mwalimu wa hesabu. Nyumba yao haikujua kukaa kimya. Ugali wa akple ulipoa mezani huku wakibishana juu ya desimali.

Kazi yake ilikuwa kupima kila huduma ya afya inaokoa maisha mangapi kwa gharama gani. Mwaka 2016 ripoti yake ilisema zahanati ya Kpotave ifungwe: watoto wachache mno, gharama kubwa mno. Aliisaini bila kupendelea kwao. Mama hakumsemesha mwezi mzima, na mimi pia nilikasirika.

Kisha akaja kwenye msiba hapa kijijini, akamuuliza shangazi yetu Abla, "Shangazi, una watoto wangapi siku hizi?"

"Mmoja."

"Na hawa watano wanaokung'ang'ania nguo?"

"Hao ni wa Mungu. Ebo! Wewe Adukpo, wewe wa jalala, nani kakufundisha kuhesabu watoto wa watu? Unataka mauti yasikie?"

Dada aliketi chini palepale. Wadodosaji wake walikuwa wameuliza swali lilelile nyumba kwa nyumba, na kila mama alikuwa amewaficha wanawe kama alivyofichwa yeye. Watu wote duniani wangeweza kulikosea hilo, lakini si yeye. Aliniambia hivyo akilia.

Hakutulia tena. Alirudi mlango kwa mlango, safari hii hakuuliza idadi. Aliuliza, "Huyu anaitwa nani? Na yule?" Majina akina mama waliyatoa kwa furaha. Watoto wakawa zaidi ya maradufu, na gharama iliyoonekana kubwa ikawa ya kawaida kabisa. Akaandika kuikana ripoti yake mwenyewe. Wenzake wakamcheka: "Daktari, kwenu kumekutia huruma." Kamati ya wilaya, yenye uamuzi wa kuifunga zahanati, ikamwambia aje mwenyewe ajieleze, kisha ikaahirisha kikao mara kwa mara.

Mwanzoni mwa 2022 figo zilianza kumsumbua. Akiwa kitandani hospitalini bado alidai kompyuta yake. Mumewe akamsihi, "Mama watoto, pumzika basi."

"Nipumzike wafunge?"

Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na miwili. Barua ya kamati ilifika baada ya wiki moja: kikao ni Alhamisi hii, Septemba 14.

Marehemu ameacha mume, Bwana Senanu. Watoto, Etornam na Kafui. Mama yetu, Mama Yawa. Nami mdogo wake.

Ndugu zangu, sina utulivu wa kusoma mambo ya kufariji. Aliyeitwa kujieleza ndiye huyu tunayemzika. Shangazi Abla, na akina mama wote wa Kpotave, Alhamisi tuondoke na watoto wote, wa mgongoni na wa kutembea. Hakuna atakayewahesabu, mwiko wetu ubaki. Tutawaingiza ndani ya ukumbi ule, mmoja mmoja, kwa majina yao, mpaka kamati ikose pa kukaa.

Dada, lala salama. Sisi tutalala Ijumaa.