Jicho Moja na Dawa ya Maksai

Wazee, shikamooni. Vijana, zenu nimeshazipokea pale mlangoni. Mimi sijui kupamba maneno, niliishia darasa la pili. Lakini shamba langu hapa Gendabi hakuna aliyenipa.

Jicho la kushoto lilikufa zamani, kwa mwiba. Nilibaki na hili moja. Msimu uliopita tunapepeta ngano, kapi likaruka likaingia humo humo. Nikafikicha. Kesho yake jekundu, mwanga unachoma kama pilipili.

Ndugu zangu, nawaambia ujinga wangu. Maksai wangu akichomwa jichoni, natafuna chumvi na tumbaku, namtemea. Siku mbili yuko kwenye jembe. Nikasema, dawa inayoponya maksai itanishinda mimi?

Mke wangu akasema, "Maksai unamfunga kamba kwanza. Wewe atakufunga nani?"

Nikamwambia anyamaze. Nikajipaka.

Msicheke. Siku ya nne sikuona hata mlango. Mke akanivuta mkono kama mbuzi wa mnada mpaka hospitali.

Daktari ni binti, angekuwa mjukuu wangu. "Shikamoo babu. Umeweka nini jichoni?"

"Marahaba. Sijaweka kitu."

Hakubishana. Akachukua kikaratasi chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakilowesha, akanigusisha ndani ya kope. Nikapepesa. Akazima taa, akawasha tochi ya mwanga wa bluu, akamwita mke wangu aone.

"Mzee! Kuna kijani kinawaka, kama ngano inayochipua!"

"Mama, hiyo rangi inashika palipochubuka tu," daktari akasema. "Kapi lingechora mstari. Hapa pamechubuka karibu kioo chote cha jicho. Babu, nakuuliza tena, maana dawa nitakayokupa inategemea jibu lako. Na jicho ni moja."

Tangu nioe sikuwahi kukiri kosa mbele ya mtu. Siku hiyo nilisema yote: chumvi, tumbaku, mate.

Wakanilaza. Matone kila saa. Kila baada ya siku chache, rangi ile tena. Kijani kikipungua mke ananiambia. Kisipopungua ananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniua. Mpaka asubuhi moja akasema, "Leo hakuna kinachowaka."

Kovu limebaki. Ninyi wa nyuma huko ni ukungu, nawajua kwa sauti.

Namshukuru Mungu. Namshukuru binti yule, na ninyi mliomalizia kupepeta ngano yangu, na mke wangu niliyemwambia anyamaze.

Juzi nilimshika yule maksai kichwa, nikamsogeza karibu kabisa. Jicho nililomtibu ni jeupe kama maziwa. Miaka yote nilisema amepona, kwa sababu alivuta jembe. Kumbe haoni, ndugu zangu. Hakuwa na mdomo wa kuniambia.

Ninyi mnao. Mkiulizwa mmeweka nini, semeni.