Khiroda na Chumba cha Mtakatifu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Khiroda Boiragi, aliyefagia chumba alimozaliwa mtakatifu wetu hapa Kadamdanga. Khiroda ametutoka juzi. Alikifagia chumba kile tangu alipofiwa na mumewe mpaka mgongo ulipokataa kuinama.

Mnakijua. Kuta za udongo, mlango mfupi. Waja wa mungu Vishnu hutoka mbali kuja kuinama kizingitini. Ndani haingii mtu ila mfagiaji.

Mwaka wa mafuriko, siku ya sikukuu, mto uliingia uani. Mahujaji walibanana, maji magotini. Hapo binti mmoja, Shefali, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Pakavu palibaki mahali pamoja tu: chumba kile, juu ya kiinuko.

Khiroda akatoa ufunguo.

"Dada, ngoja," akasema Gosai Haripada, kuhani wetu. "Uzazi una unajisi. Tutalazimika kukifunga chumba kwa siku kadhaa. Watu wote hawa wamekuja bure?"

"Kwani wamekuja kuinamia nini, Gosai? Mama wa mtakatifu alikuwa anapika wali humu?"

Mmoja akacheka. Wengine wakanung'unika. Mzee mmoja akajiweka mlangoni. "Nimejikokota na magoti haya mabovu nifike hapa. Leo unapachafua?"

Shefali akaanguka majini. Khiroda alijua kuhani akimfukuza, hana pengine pa kulala. Akampita mzee, akashika kufuli.

Malati, binti wa kaka yake Khiroda, anasimulia: "Shangazi alihangaika na kufuli, ufunguo ukakataa kuingia. Mara mvua ikaacha kumpiga kichwani. Kutazama, ni Gosai na mwavuli wake. Mlango ukafunguka, wanawake wakamwingiza Shefali ndani. Gosai aliwapa mgongo, akasimama pale akiwatazama watu mpaka mtoto alipolia."

Mtoto alikuwa wa kike. Mlango ukafungwa kwa siku za unajisi, na mahujaji wengi walirudi makwao wakimtukana Khiroda. Yeye alikuwa anachemsha maji.

Yule mzee hakuondoka. Alitoa shali yake, aliyoificha mkobani isilowe, akampa Khiroda amfunike mtoto. Kisha akainama palepale matopeni, mbele ya mlango uliofungwa, akakaa hivyo muda mrefu.

Malati, na jamaa yote ya Boiragi, poleni sana. Tunalia nanyi. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize usiku huu: mwenye shida akitufikia siku yetu ya ibada, tutamwambia asubiri tumalize kuomba?