Farasi wa Kahawa

Mambo yalianza Jumatano, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Musabah bin Thani alipoamua kwamba anakufa. Daktari hakumwambia hivyo. Daktari alimwambia kwamba kesho yake asubuhi atatolewa mawe kwenye nyongo, kwamba anaruhusiwa kula na kunywa mpaka saa sita usiku, na kwamba kabla ya kulala ameze kidonge kimoja cha kumtuliza. Yeye alikimeza saa kumi, ili asichelewe. Kahawa alikuwa ameiacha tangu alfajiri, kwa sababu, alisema, mtu anayekufa hanywi kahawa. Kisha akaagiza godoro lake litandikwe gerejini, kando ya mashine ya kupimia nguvu za magari, na watoto wake wawili waitwe.

Ghaya hakuhitaji kuitwa. Tangu amalize shahada yake ya uhandisi, ni yeye aliyekuwa akizirekebisha injini za gereji ile, na muda huo alikuwa akikaza kwa mara ya tatu mikanda iliyokuwa imekwisha kukazwa. Samha, Nissan nyeupe yenye turbo kubwa kama sufuria ya wali wa harusi, alikuwa amefungwa juu ya mashine, magurudumu yake ya nyuma yamekaa kwenye mapipa ya chuma yanayozunguka. Jumamosi angepanda tuta la mchanga la Liwa, kule jangwani, mbele ya watu wote, Buti akiwa kwenye usukani. Buti, kaka yake Ghaya, aliingia akiwa ameshika simu, anapiga picha.

"Sikilizeni wanangu," alianza Musabah, mikono imekunjwa kifuani, "na wewe Buti weka hiyo simu chini, maana baba yako hafi mara mbili ili upate picha nzuri. Nyumba ni ya mama yenu tangu siku aliyoingia ndani, mimi nilikuwa mgeni aliyezoea kiti. Ngamia wagawanywe kama dini inavyotaka, isipokuwa yule mweusi anayeuma, huyo apewe mjomba wenu Mijrin, amtunze kwa kumbukumbu yangu. Na huyo Mijrin nimemsamehe. Mwaka ule Samha alipokwama katikati ya tuta, Liwa nzima inatazama, shemeji yangu alipanda juu ya paa la gari lake akapiga makofi, nami nimemsamehe kwa moyo mweupe kabisa, ila msamaha wenyewe uanze baada ya Jumamosi. Samha asiuzwe, nilimpa jina la ngamia wa mama yangu na jina la ngamia wa mama haliuzwi kwa mtu wa mtandaoni. Gereji na mashine sijaamua nimwachie nani, maana mmoja wenu haogopi chochote na mwingine anaogopa hata mlio wa feni. Nitaamua nikimsikia Samha kwa mara ya mwisho. Mwezi uliopita alisoma nguvu za farasi elfu moja mia mbili na tano. Mijrin alipimiwa hapahapa mbele ya macho yangu, akapata elfu moja mia moja na tisini, akarudi nyumbani bila kuaga. Nataka nizikwe na nambari ile masikioni. Ghaya, washa."

Ghaya akawasha. Samha akaanza kwa mngurumo wa chini, kisha turbo ikashika upepo, bati za paa zikatetemeka, na vikombe vya kahawa vikacheza kwenye sinia. Kelele zilipokwisha, wote watatu wakatazama kioo cha kompyuta.

Elfu moja mia moja na ishirini.

"Amejua," alisema Musabah taratibu. "Mnyama humjua bwana wake anapoondoka. Farasi themanini na tano wametangulia kaburini kunishikia nafasi."

"Hakuna kaburi hapa, baba, ni presha ya turbo tu," alisema Buti akiisogelea kompyuta. "Tuiongeze kidogo. Huyu dada yangu amemfunga Samha kama mbuzi wa sikukuu."

"Ukiigusa hiyo nitakuvunja kidole," alisema Ghaya, na sauti yake ikatetemeka mahali palepale alipotaka iwe kali.

Alijua presha ile iko wapi. Alikuwa ameifikisha mwisho wa uwezo wa pistoni, akaisikiliza injini kwa vipokea sauti mpaka ikaanza kugonga, akairudisha nyuma kidogo, akaiacha hapo. Ikiongezwa tena, pistoni zitapasuka, na hazitapasuka hapa penye vizimamoto. Zitapasuka Jumamosi, Buti akiwa katikati ya ukuta wa mchanga, pua ya gari ikitazama mbinguni.

"Iongezwe," alisema Musabah. "Huu ni wosia. Mtu habishani na wosia."

Ghaya alihitaji muda wa kufikiri. "Baba, daktari alisema unaruhusiwa kunywa mpaka saa sita usiku. Kunywa kikombe kimoja kwanza, halafu nitapima tena."

Musabah alifumba macho, akapambana na nafsi yake kwa muda mfupi sana. "Kimoja," alisema. "Cha kuagana."

Buti akawasha makaa kwenye seredani, pale ukutani ilipokaa siku zote ili wageni wanywe huku wakitazama nambari, akaliweka dele la kahawa juu yake. Iliki ikanukia. Mzee akanywa kikombe cha kuagana, akanywa cha pili, akarudisha cha tatu bila kukitikisa, maana yake aongezwe. Ghaya alipitia kila kitu tena: mafuta, matairi, mikanda, feni. Hakuona kosa. Hakubadilisha chochote. Akawasha.

Elfu moja mia mbili na tano.

"Ameniona nakunywa!" Musabah aliinuka akakaa kitako. "Mnaona? Ameniona!"

"Hajaona mtu," alicheka Buti. "Ghaya ameongeza presha kimyakimya. Kumbe inawezekana, na kumbe wewe si mwoga, unajifanya tu. Ongeza tena, tufike elfu moja mia tatu. Jumamosi napaa."

Ghaya alikuwa akitazama ukuta. Juu kidogo ya dele, waya mwembamba ulining'inia, na mwishoni mwake kipimajoto cha mashine kilikuwa kimefunikwa na mvuke.

Alijua akinyamaza Buti atakuja usiku aiongeze presha mwenyewe. Alijua pia kwamba akisema, atamtoa baba yake duniani bila nambari yake. Akatazama godoro, akatazama mgongo wa kaka yake ulioinama kwenye kompyuta, akasema.

"Sijaongeza kitu. Ni kahawa. Mashine inapima joto la hewa kwa kile kipimajoto. Hewa ikiwa ya moto, mashine inaionea injini huruma, inaiongezea farasi kwenye hesabu. Na sisi tunakichemshia kahawa chini yake. Inadhani tuko mwezi wa saba, kwenye joto kali. Samha ana elfu moja mia moja na ishirini, baba. Siku zote. Wale wengine ni wa kahawa."

Buti akauondoa mkono kwenye kompyuta. Musabah alikuwa amefungua kinywa na hakukifunga, na Ghaya akawaza, nimemuua mimi, si nyongo.

"Mijrin," alisema mzee mwishowe. "Siku ile alipopimiwa. Tulikuwa tumewasha makaa?"

"Alikaa tangu adhuhuri, baba. Tuliongeza makaa mara mbili."

Kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, na Musabah akacheka mpaka akashika ubavu wake wenye mawe, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. "Uwi! Amepata elfu moja mia moja na tisini kwa makaa yangu! Msinichekeshe, nitakufa kabla ya zamu yangu!"

Alipotulia, kidonge kilikuwa kimemfikia. Ulimi wake ulikuwa mzito, na watoto wakapiga magoti ili wamsikie.

"Sikilizeni wanangu, nabadilisha. Mashine na gereji ni vya Ghaya, aliyekuwa na woga wa kutosha kumzuia baba yake. Buti, Samha utampanda wewe, lakini presha hutaigusa, na seredani ni yako, itoe nje. Ghaya, Mijrin anakuja kesho asubuhi kupima tena, baba afe asife. Kipimajoto kikae mbali na moto. Mpe tende, mpe halua, kahawa itoke nyumbani kwenye chupa. Auone ukweli kwa macho yake, na wewe usimwambie neno. Neno hata moja. Alale usiku mmoja tu kama nilivyolala mimi mwaka ule... Mungu awakunjulie njia. Awape mchanga mgumu chini ya magurudumu. Mama yenu mwambieni... mwambieni lile blanketi..."

Akaanza kukoroma.

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, Buti alipiga simu kutoka hospitali: mawe yametoka, baba amezinduka, na swali lake la kwanza ni Mijrin kapata ngapi. Ghaya akatazama kioo cha kompyuta. Elfu moja mia moja na tano. Mjomba Mijrin alikuwa amesimama mbele yake, kikombe cha kahawa ya chupa kimepoa mkononi, uso umemshuka.

"Ongeza presha, binti yangu," alisema. "Fungua yote. Siwezi kwenda Liwa na aibu hii."

Ghaya alikuwa ameagizwa asiseme neno, na hakusema. Alitoka nje, akairudisha seredani mahali pake chini ya waya, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akaweka dele juu.

"Kaa kwanza, mjomba," alisema. "Kahawa ya chupa si kahawa. Tukishakunywa, tutapima tena."