RAM Isiyo na Koti

Makofi matatu ya kondakta yalipiga ubavu wa basi, na dereva akaondoka kituo cha Agargaon. Lubaba aliukumbatia mfuko wake. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu ya kompyuta, vya mtumba, ambavyo alitaka kuviendesha kasi kuliko walivyopanga waliovitengeneza. Kompyuta yake ikikwama tena kwenye mchezo wa mtandaoni wa Ijumaa, timu yake itampa mtu mwingine nafasi yake.

"Viko uchi hivyo, dada," alisema jirani yake wa kiti, Mozammel, fundi wa kompyuta mwenye duka lake Farmgate, akichungulia mfukoni. "Bila koti la chuma la kupunguza joto vitaungua. Ungechukua vile vyenye taa."

"Taa za harusi, kaka? Mimi nimenunua chipu, sikununua nguo. Nimesoma herufi zake kwa tochi ya simu. Ni zilezile za vile vya bei mbaya."

"Umesoma vyote viwili?"

Lubaba akakitoa cha pili mfukoni. Herufi zake zilifunikwa na stika ya dhamana, na stika ikichanika, duka halikujui tena.

"Kumbe mchumba mmoja umemkubali kwa kumwona, mwenziwe kwa kusikia," Mozammel alicheka. "Visipofanana, vyote vitafuata mwendo wa yule mvivu. Rudisha ungali na haki."

Lubaba akapenyeza ukucha, akaivuta stika yote. Herufi zilifanana.

"Joto bado liko palepale," alisema Mozammel.

"Nina feni ya mezani."

"Feni ya mezani!"

Basi likasimama Farmgate. Mozammel aliposhuka, Lubaba alitoa kichwa dirishani.

"Vikiungua Ijumaa, kaka, Jumamosi nitakuja dukani kwako unicheke mbele ya wateja wote."